Anapiga deki, anatafsiri, halafu anaambiwa hajui kuwasiliana

Ukitaka kujua nani anaibeba hospitali ya Houston usiku usiangalie zile picha za mabosi pale mapokezi, wewe shuka chini jikoni, pita kwa wanaofua mashuka, ingia lifti ya mizigo uwaone wanaosukuma vitanda na wanaopiga deki, halafu tega sikio. Kihispania mwanzo mwisho, lugha ya Walatino, watu wenye asili ya Mexico, Cuba na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini. Sasa panda na hiyohiyo lifti mpaka juu kabisa kwenye mazulia na milango ya vioo, tega sikio tena, utakisikia kwa yule anayekuja kumwaga takataka, basi.

Nayasema haya nikiwa ndani, sijahadithiwa. Mimi mtu wa Tanga, nilifika Texas nikaanza kama CNA, wale wa kugeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka, nikasoma nikawa LVN, muuguzi wa ngazi ya kati, nikakomaa mpaka RN, muuguzi aliyesajiliwa kamili, na sa hivi kuna zamu ni mimi ndo nashika wodi. Kwa hiyo nimepanda. Ila wengi niliowakuta pale nilipoanzia bado wapo palepale, wengine wamezeekea palepale, na ukiniuliza nini kilinipandisha mimi kikawaacha wao siwezi kukwambia ni bidii maana kwa bidii wale watu walikuwa wananipita mbali, nilikuwa namkuta mtu ametoka kazi ya mchana kwenye hoteli anakuja kuunga usiku hospitali na bado ananifundisha mimi kijana mwenye usingizi wangu wa kutosha namna ya kumgeuza mgonjwa mnene bila kuvunja mgongo.

Kilichonipandisha ni Kiingereza na makaratasi. Kiingereza nilikaririshwa shuleni kwa viboko, nikifika hapa kinatoka na lafudhi ya Kidigo lakini kinatoka, naandika ripoti inaeleweka. Makaratasi ndo usiseme, mimi nilishinda ile bahati nasibu ya green card. Sasa wabongo wengi hawajui hili, mtu wa Mexico haruhusiwi hata kuicheza. Wala wa El Salvador. Sheria ya ile bahati nasibu inazitoa nchi ambazo zimeshapeleka wahamiaji wengi Marekani, zaidi ya 50,000 ndani ya miaka mitano, kwa hiyo mtu wa Handeni alijaza fomu kwenye intaneti kafe akapata, na jirani anayeweza kuja kwa basi hakuwa hata na fomu ya kujaza. Tukishafika tunajiona sisi wasomi, tunasema hawa Walatino hawapendi shule. Nimeyasikia hayo kwenye sherehe zetu, watu wazima kabisa wanaongea huku wanatafuna pilau.

Tuweke namba kidogo mezani ili tusiongee kwa hisia tu. Marekani nzima karibu mtu mmoja kati ya watano ni Mlatino. Texas mwaka 2022 makadirio ya ofisi ya sensa yalionyesha Walatino wamewapita wazungu, asilimia 40.2 kwa 39.8, na ndani ya jiji la Houston wanazidi asilimia 40. Kwenye ujenzi nchi nzima ni karibu theluthi ya wafanyakazi, kwa hiyo hayo maghorofa unayopigia picha ukija kututembelea unajua nani kayasimamisha. Lakini ukienda kwenye kazi za uongozi na za kitaalamu, Walatino walioko huko ni kama robo tu ya Walatino wote wenye ajira, wakati kwa wazungu inapita asilimia 40. Mshahara wa kati wa Mlatino wa kazi ya kudumu uko chini ya wa mzungu, chini ya wa mtu mweusi, chini kabisa ya wa Muasia. Na mwanamke wa kwanza Mlatino kuongoza kampuni kwenye orodha ya Fortune 500, ile ya kampuni 500 kubwa za Marekani, Geisha Williams, mzaliwa wa Cuba, alikalia kiti cha kampuni ya umeme na gesi ya California, PG&E mwaka 2017. Juzi tu hapa.

Sasa nije kwa mtu aliyenifanya niandike haya yote. Kuna mama mmoja wa Puebla, Mexico, jina lake nalihifadhi na la hospitali nalihifadhi vilevile, yuko idara ya usafi zamu ya usiku. Ananiita mijo, yaani mwanangu, mimi namwita mama, yeye akajifunza hilo neno akalipenda, basi ndo salamu yetu. Huyu mama kama umefanya kazi wodi yetu unamjua, kwa sababu kila mgonjwa asiyejua Kiingereza akiletwa usiku, kabla hata mtu hajafikiria kuwasha ile mashine ya mkalimani wa vidio yenye magurudumu, daktari anachungulia korido anamwita. Anaegemeza mopu ukutani, anavua glavu, ananawa, anaingia. Anauliza maumivu yalianza lini, anauliza dawa za sukari umekunywa saa ngapi, anambembeleza bibi wa watu anayelia, anamweleza mume mambo ya upasuaji, akitoka hapo anarudi kwenye ndoo yake. Hakuna aliyeandika popote. Kwenye faili la mgonjwa inaonekana kama yule bibi aliongea Kiingereza kimiujiza.

Ikaja tathmini ya mwaka. Alikuja nayo kwangu nimsomee kwa sababu alikuwa anaona haya kumpa mwanae, na pale kwenye kipengele cha mawasiliano alikuwa amepewa alama ya chini, maelezo yanasema anahitaji kuboresha uwezo wake wa kuwasiliana. Nilirudia kusoma. Nikamwangalia. Yeye akacheka, kile kicheko cha mtu mzima aliyeshazoea, akasema Kiingereza changu kibaya mijo, wana haki. Mimi ndo nilikuwa nachemka. Mtu ambaye madaktari wanamtegemea awaunganishe na wagonjwa usiku kucha, ana alama mbovu ya mawasiliano, na hiyo alama ndo inayoamua nyongeza ya mshahara, na ukiomba kazi ya idara nyingine hiyo karatasi inakutangulia.

Na tena tuelewane, kumtumia vile halikuwa jambo zuri hata kwa mgonjwa. Ile sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ya wakati wa Obama, ina kifungu cha 1557 ambacho kanuni zake zinataka hospitali inayopokea hela za serikali kuu impe mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani aliyehitimu, sio mtoto wake wala mpita njia. Ukalimani wa hospitali ni fani, ina mafunzo ya kuanzia saa 40 na ina mitihani ya bodi, maana ukikosea neno moja la mzio wa dawa umeua. Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili za haki hapo. Muache apige deki yake kwa amani na muwashe mashine, au mpelekeni akafundishwe, afanye mtihani, alipwe kama mkalimani. Wao wakachagua ya tatu, kuchukua kipaji bure na kukiita msaada.

Hii ya kukitaka Kihispania kikileta faida na kukikataa kikiwa cha mwenyewe haikuanza jana hapa Texas. Kuna kesi moja watu wa sheria za kazi wanaijua, Garcia v. Gloor. Jamaa alikuwa muuzaji kwenye duka la mbao kule Brownsville, mpakani kabisa na Mexico, na mojawapo ya sababu za kuajiriwa ni kwamba anajua lugha zote mbili. Mteja akija na Kihispania ruksa kumuuzia kwa Kihispania. Ila kanuni ya duka ilikuwa wafanyakazi wakiwa kazini wasiongee Kihispania wao kwa wao. Mwaka 1975 mwenzake akamuuliza kuhusu bidhaa, akamjibu kwa Kihispania, akafukuzwa. Alishtaki kwa ile sheria ya haki za kiraia ya 1964 inayokataza kumbagua mtu kazini kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1980 mahakama ya rufaa ikampa ushindi mwajiri, hoja yao kubwa ikiwa kwamba mtu anayejua lugha mbili ana uchaguzi, angeweza kuongea Kiingereza tu akabaki na kazi. Mwaka huohuo tume ya serikali inayosimamia usawa kazini, EEOC, ikatoa mwongozo unaosema kanuni ya Kiingereza tupu muda wote ni ya kutiliwa shaka, na mpaka leo mwongozo na mahakama havijawahi kupatana vizuri. Mimi nikiwa na Mtanzania mwenzangu zamu moja tunapiga Kiswahili weee mpaka asubuhi, hakuna aliyewahi kutukemea. Sana sana wanauliza hiyo lugha gani nzuri hivyo. Wale wa Kihispania wakianza tu kuna mtu anakohoa.

Na sio kila Mlatino anajua hicho Kihispania, hapo napo vituko. Tuna kijana fundi wa maabara ya damu, jina la ukoo la Kimeksiko kabisa, familia yao ilikuwa Texas tangu kabla haijawa Marekani, wana msemo wao kwamba hawakuuvuka mpaka bali mpaka ndo uliwavuka wao. Kihispania hajui zaidi ya kuagiza chakula. Anaitwa kutafsiri kila wiki. Akisema sijui wanamwangalia kama ananyima msaada. Na tuna dada wa Jamhuri ya Dominika mweusi kama mimi, yeye haitwi kabisa, wanadhani anatoka kwetu, mgonjwa anahangaika pale na yeye amesimama pembeni anaelewa kila neno.

Haya, tuseme sasa yule mama anataka kupanda. Anapandaje? Watu wa ofisini watakwambia nafasi zote zinatangazwa ndani, mlango uko wazi kwa kila mtu. Kweli zinatangazwa, kwenye mfumo wa kompyuta. Watu wa usafi hawana kompyuta, wana akaunti ambayo paswedi yake ilikufa siku waliyomaliza semina ya kuajiriwa, imeili ya kazini hawajawahi kuifungua, tangazo linakaa siku chache linatolewa, fomu ni ya Kiingereza, na inataka cheti cha sekondari cha Marekani hata kwa kazi ambayo kuisomea ni miezi. Mlango uko wazi ila uko ghorofa ambayo kadi yako haifungui lifti.

Kuna suala la ada. Hospitali nyingi na makampuni makubwa yana mpango wa kulipia wafanyakazi masomo, na sheria ya kodi ya huku inaruhusu mwajiri akulipie mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila hiyo hela kukatwa kodi. Mimi mwenyewe nimekula hiyo hela. Lakini angalia ilivyokaa, kwa sehemu nyingi unalipa kwanza mwenyewe, unasoma, ukifaulu unapeleka risiti unarudishiwa. Anayelipwa kwa saa, anayetuma Western Union kila Ijumaa, anatoa wapi dola elfu moja na mia ngapi za kutanguliza mwezi Agosti? Mimi nilikuwa na kaka yangu Minnesota akanikopesha. Kwa hiyo ule mpango ambao kwenye karatasi unamlenga wa chini, wanaoumaliza ni sisi tuliokuwa tayari katikati, na mwisho wa mwaka ripoti inasema watu wa usafi hawajajitokeza.

Halafu kuna ile ambayo hakuna fomu yake. Nafasi nzuri hapa zinaanza kuzungumzwa kabla hazijatangazwa, mabosi wamekaa wanakunywa kahawa mmoja anasema yule kijana wa wodi ya nne yuko vizuri mpeni, imeisha hiyo, tangazo linalofuata ni taratibu tu. Mimi kuna muuguzi mkuu mmoja, mama wa Kimarekani mweusi wa Louisiana, alinitaja kwenye kikao nisichokuwepo, nikashangaa naitwa. Alinijua kwa sababu tulikuwa tunakula chumba kimoja, tunataniana. Wale wa usafi wanakula chini kwenye stoo yao, bosi wao ni wa kampuni nyingine kabisa kwa sababu hospitali imeikodisha kazi ya usafi nje, kwa hiyo hata muuguzi mkuu akimpenda yule mama vipi, hana kikao cha kumtaja. Hapo ndo wengi wanakwama, na ni jambo la mkataba wa zabuni tu, tabia ya mtu haimo. Wakati fulani zamani msafishaji alikuwa mwajiriwa wa palepale, akionekana ana akili anavutwa stoo, anavutwa ofisini. Ukishaikodisha ile kazi umeikata ngazi.

Hii inanileta kwenye kitu kinachoniudhi kuliko vyote, yale mafunzo. Kila mwaka analetwa mtaalamu amevaa vizuri anawaambia Walatino tatizo lenu ni utamaduni, mmelelewa kuheshimu wakubwa, kuinamisha kichwa, kutojisifu, jifunzeni kujiuza. Kuna ukweli humo, sikatai, mimi pia nimelelewa hivyohivyo, kwetu mtu anayejisifu mbele ya wakubwa anaonekana hakufunzwa na mamaye, na kwenye intavyuu yangu ya kwanza niliambiwa nieleze mafanikio yangu nikaanza kuwasifia wenzangu. Lakini kulifanya hilo ndo jibu la kila kitu ni matusi. Watu wanyamavu? Mwaka 1965 kule Delano, California, wachuma zabibu Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong waligoma, siku chache baadaye chama cha vibarua wa mashambani Wameksiko alichokianzisha Dolores Huerta na wenzake kikajiunga nao, wakaenda hivyo miaka mitano mpaka 1970 wenye mashamba wakasaini. Sí, se puede, yaani ndiyo inawezekana, mnayoisikia kwenye mikutano ya siasa ni maneno ya huyo mama Huerta, aliyatoa Arizona mwaka 1972. Tarehe 1 Mei 2006 wahamiaji waliacha kazi na kuingia barabarani miji mingi ya nchi hii, wengi mno, viwanda vya nyama vingine vilifungwa siku hiyo. Watu hao unawaambia wajifunze kupaza sauti? Wanajua sana. Wanajua pia nini kinampata anayepaza sauti akiwa na kibali cha kazi cha kuhuishwa.

Maana vibali hivyo navyo ni ngazi peke yake. Tulikuwa na dada wa DACA, ule mpango aliouanzisha Obama Juni 2012 kwa walioletwa utotoni bila makaratasi. Yuko hapa tangu hajui kutembea, Kiingereza chake kinapita changu mara mia, muuguzi mzuri kupindukia. Kibali ni miaka miwili miwili, na Texas ndo jimbo lililokuwa mstari wa mbele kuupinga mpango mahakamani. Walipotaka kumpeleka programu ndefu ya uongozi mtu mmoja akauliza je kibali chake kitakuwepo ukimaliza mwaka wa tatu. Swali la kawaida tu, halina hata ubaya wa sauti. Ikawa basi.

Septemba ikifika kuna sherehe. Mwezi wa urithi wa Wahispania unaanza katikati ya mwezi, tarehe 15, kwa sababu ndo siku ya uhuru ya Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica, na Mexico inafuata kesho yake. Ilianza kama wiki mwaka 1968 kwa Rais Johnson, Reagan akaifanya mwezi mwaka 1988. Kazini ni taco, vile vichapati vya Kimeksiko vya kukunja, muziki, bendera za karatasi, saa sita mchana. Kikundi cha wafanyakazi Walatino nacho kinakutana saa sita mchana. Wale wa zamu ya usiku muda huo wako nyumbani wamelala au wako kwenye kazi yao ya pili, kwa hiyo ukienda unakuta wahasibu na watu wa matangazo, wazuri tu, wanaongea kuhusu kupata walezi wa kikazi. Taco zilizobaki wanaletewa wa usiku, zimepoa. Na anayesafisha ukumbi baada ya sherehe unamjua.

Sisemi vikundi hivyo havifai. Chama cha wahandisi Walatino, SHPE, kilianzishwa Los Angeles mwaka 1974 na wahandisi wachache wa jiji, leo kiko vyuo vingi na kimewapa watu kazi za maana kabisa. Ila vyama hivi vinamfaa aliyeshafika kwenye kiti. Hata zile hadithi tunazopewa za waliofika juu ukizichunguza utaona. Roberto Goizueta aliiongoza Coca-Cola kuanzia 1981 mpaka alipofariki 1997, mhamiaji wa Cuba, na inasimuliwa alitoka kwao na dola 40 mfukoni. Sawa, lakini mfukoni kulikuwa pia na digrii ya Yale, familia yao walikuwa watu wa sukari, na kazi ya Coca-Cola alikuwa nayo tangu Havana. Unamchukuaje huyo ukamuweka kwenye slaidi mbele ya mama wa Puebla aliyeishia darasa la sita ukamwambia umeona?

Anayefanana naye zaidi ni Richard Montañez, msafishaji wa kiwanda cha vitafunio cha Frito-Lay kule Rancho Cucamonga aliyekuja kuwa mkubwa kwenye masoko. Miaka mingi alisimulia kwamba yeye ndo aliyebuni zile Cheetos za pilipili, mwaka 2021 gazeti la Los Angeles Times likachimba na kuandika kwamba waliozibuni ni wengine, watu wakagawanyika, na mabishano yakafika chumba chetu cha kulia pia maana hizo Cheetos ndo msosi wa saa tisa usiku. Mimi kilichonivutia ni kingine. Hata gazeti halikukataa kwamba alitoka kwenye mopu akafika ofisini. Sasa mbona hakuna aliyeuliza hiyo safari iliwezekanaje, nani alimpa nafasi, kiwanda kilimwajiri chenyewe au kupitia wakala? Wote tunabishana kuhusu pilipili.

Nimeona sehemu moja ikifanyika tofauti, na haikuhitaji muujiza. Kliniki moja nilikokuwa nafanya kazi za ziada walimpata msimamizi mpya wa mapokezi, mdada aliyezaliwa McAllen, huku Texas mpakani na Mexico, na yeye alianza kwa kuhesabu. Akawaambia kila mtu ukiitwa kutafsiri andika, jina la mgonjwa usiandike, andika saa na dakika. Baada ya muda akaenda na hilo daftari kwa mabosi, masaa yamejaa pale, akawauliza mnataka niwaite wakalimani wa kukodi kwa dakika hizi zote au mniruhusu niwapime hawa walioko. Mabosi wakapiga hesabu wakachagua kupima. Mtihani ni wa kwenye simu, ukifaulu unapata posho ya lugha kwa kila saa, usipofaulu huitwi tena na hakuna anayekununia. Ada ya kozi ikawa inalipwa moja kwa moja chuoni, mfanyakazi hatangulizi kitu. Tangazo la nafasi likawa linabandikwa pale wanapogonga kadi. Mambo ya kawaida kabisa, na watu wakaanza kusogea, mmoja wa usafi akaenda idara ya kusafisha vifaa vya upasuaji, ile yenye cheti chake na mshahara wa kueleweka. Wengine mtihani waliukosa, na hilo nalo lilikuwa sawa.

Sa hivi upepo umegeuka. Januari 2025 Trump aliifuta amri ya mwaka 1965 ya Johnson iliyowataka wanaopewa zabuni za serikali kuu wahakikishe wanaajiri bila ubaguzi na kuonyesha juhudi, akafunga ofisi za ujumuishi serikalini, zile za kushirikisha watu wa asili zote, Machi akasaini amri ya kuwa Kiingereza ndo lugha rasmi na kuifuta ile ya Clinton ya mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza. Amri haifuti sheria ya Bunge, kile kifungu cha 1557 bado kipo na sheria ya 1964 bado ipo, lakini makampuni yanaogopa, vikundi vinabadilishwa majina, neno ujumuishi linaondolewa kwenye tovuti usiku usiku. Kinachonishangaza ni kwamba vitu vilivyomsaidia mtu wa chini kule kliniki havikuwa na jina hilo hata kidogo. Daftari, mtihani wa simu, ada kulipwa mapema, karatasi ukutani. Hakuna anayeweza kuvishtaki.

Yule mama wa Puebla nilimsaidia kuandika pingamizi la ile tathmini. Tuliandika tukiwa kantini, yeye anaongea Kihispania, mimi na Kihispania changu kibovu naandika Kiingereza, tukaomba daktari mmoja wa usiku asaini kwamba anamtegemea kwa ukalimani. Akasaini fasta. Baadaye akarudi anauliza kama ile karatasi inaweza kumletea matatizo ya kisheria, kwamba alimtumia mtu asiyehitimu. Nikamwambia inaweza. Hakuitoa sahihi yake, nampa heshima hiyo. Alama ikabadilishwa, nyongeza ikaja, ndogo, na sasa hospitali imepiga marufuku kumwita mtu wa usafi kutafsiri, na yeye hajapelekwa kozi kwa sababu mwajiri wake ni ile kampuni ya usafi na kampuni haina bajeti ya kozi. Kwa hiyo amepata haki yake na amepoteza ile sehemu ya kazi aliyokuwa anaipenda. Bado sijajua niihesabu vipi.

Na mimi mwenyewe nikaanza kuitwa. Texas imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na wagonjwa wa Bukavu na Uvira wanakuja, wodi ikagundua kuna mtu wa Kiswahili, nikawa nachunguliwa koridoni na mimi. Kiswahili chao na changu cha Tanga kinapishana, kuna siku bibi aliniambia mwanawe iko na homa tangu juzi na maneno mengine ya Kifaransa katikati nikabaki natoa macho. Nikakataa kuendelea mpaka nipimwe. Msimamizi akasema hawana mtihani wa Kiswahili. Upo, kampuni za kupima lugha kwa simu wanao, nikamtumia namba. Nimefaulu upande wa mazungumzo, istilahi za dawa bado narudia, na posho wameanza kuingiza kwenye hundi ya wiki mbili. Wenzangu mnaoitwa kutafsiria Wakongo huko Dallas, Louisville na kwingineko, kaombeni huo mtihani kabla ya kwenda chumbani mara nyingine, na mkienda kuomba nendeni na mwenzenu wa Kihispania, fomu ni ileile.